Nitampataje mwenza wa kukimbia naye, na nitajuaje kama tatizo ni mimi?

SWALI

Shikamoo Kocha. Nina miaka 36, nakaa Sinza, nimeolewa, nina watoto wawili. Nakimbia mara tatu au nne kwa wiki. Mwaka huu nilikimbia nusu marathon kwa saa 2 na dakika 25, na sasa najiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, zile kilomita 21. Shida yangu ni mwenza. Nilianza na kaka mmoja wa kazini, akawa ananiacha kila siku, narudi nyumbani nimechoka na nimeudhika. Rafiki yangu wa kike aliahidi tutakimbia wote, lakini asubuhi simu haipokelewi. Nikajiunga na klabu ya joging ya mtaani: raha tupu, ila ni nyimbo na supu, tena Jumapili tu. Kukimbia peke yangu alfajiri naogopa. Nampataje mtu wa kukimbia naye? Akiwa mwanaume kuna ubaya? Na nitajuaje kama mwenye tatizo si mimi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Karibu kila anayeniuliza habari za mwenza wa mbio anataka mtu wa kasi yake. Kasi ndiyo rahisi kuliko yote kuipanga, na nitakuonyesha namna. Usichoweza kumpangia mtu mzima ni saa yake ya kuamka, wala tabia yake akishajua kwamba anakuzidi. Kwa hiyo kwanza tafuta mtu wa saa yako na wa barabara yako. Akipatikana huyo, mengine mtaelewana.

Kule Iten, Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kila Alhamisi asubuhi watu hukusanyika kwa mazoezi ya kubadilisha kasi: dakika kadhaa mbio kali, dakika kadhaa polepole, halafu kali tena. Hukutana mamia. Wapo mabingwa wa dunia, wapo vijana ambao hawajawahi kushinda hata mbio za kata, wapo na wageni waliofika juzi. Hakuna anayeulizwa kasi yake. Saa inajulikana, njia panda ya kukutania inajulikana, wakianza wanajigawa wenyewe barabarani kila mmoja kwa pumzi yake. Kinachowakusanya ni saa na mahali. Sisi wa Dar tunafanya kinyume: tunaulizana kwanza unakimbia dakika ngapi kwa kilomita, tunasifiana kwenye kundi la WhatsApp, halafu Jumanne alfajiri hatokei mtu.

Sasa hesabu zako. Saa 2 na dakika 25 kwa kilomita 21.1 ni kama dakika 6 na sekunde 52 kwa kilomita. Hiyo ni kasi ya mashindano. Siku zako nyepesi, ambazo zinatakiwa kuwa nyingi kuliko ngumu, zinapaswa kuwa kati ya dakika 7 na sekunde 40 na dakika 8 na sekunde 20. Kipimo chake hakihitaji saa ya bei: uweze kumsimulia mwenzako habari za watoto kwa sentensi nzima bila kuikata kutafuta hewa. Chukulia huyo kaka wa kazini anamaliza nusu marathon kwa saa 2 na dakika 5. Siku yake nyepesi, akikimbia inavyotakiwa, ni kama dakika 6 na sekunde 45 hadi 7 na sekunde 20. Unaona? Upole wake na upole wako havijaachana mbali. Angeshuka kidogo tu mngekutana. Wewe ulichokuwa unafanya ni kukimbia kwa kasi yako ya mashindano kila mara unapotoka naye, na ndiyo maana ulikuwa unarudi hoi. Na yeye, nina hakika, siku zake nyepesi hazikuwa nyepesi. Huu ni ugonjwa wa mji mzima.

Hapo naingia kwenye swali lako la mwisho. Je, ulishawahi kumwambia, “Kaka, punguza”? Barua yako haisemi, na mimi nadhani hukumwambia. Wanawake wengi hawasemi. Wanakaza meno, wanafika nyumbani, wanajiona wazito, wiki ya pili wanatafuta udhuru. Mtu aliye mbele hasikii pumzi zako. Akiwa na raha zake anaamini na wewe una raha. Kusema “leo ni siku yangu nyepesi, tukimbie tukiongea” mapema, kabla hamjaanza, si kujishusha. Akikubali kwa mdomo halafu mbele ya safari anakuacha tena, umeshamjua, na wewe huna lawama.

Mnapotofautiana kasi kweli kweli bado kuna njia za kukimbia pamoja, na hizi makocha tunazitumia kila siku.

Ya kwanza ni kugeuza kwa dakika. Mnaanza pamoja, tuseme Coco Beach mkifuata Toure Drive. Kila mmoja anakwenda kwa kasi yake. Dakika ya 25 ikitimia, popote ulipo, unageuza. Aliyekuwa mbele sasa ana njia ndefu zaidi ya kurudi, kwa hiyo kama kila mmoja atashika mwendo ule ule mtafika mlipoanzia karibu wakati mmoja. Katikati yeye anakuja nyuma yako, hayuko mbali, anaijua barabara uliyopo. Kwa mwanamke anayeogopa alfajiri hilo si dogo.

Ya pili ni kwa siku za kasi. Nendeni uwanjani, hata kama ni uwanja wa shule wenye vumbi. Mnakimbia mita 400, na mnaanza upya pamoja kila baada ya dakika 4. Yeye akimaliza kwa dakika 2 na sekunde 5 atapumzika karibu dakika 2. Wewe ukimaliza kwa dakika 2 na sekunde 25 utapumzika dakika 1 na sekunde 35. Kila mara mnasimama kwenye mstari mmoja na hakuna aliyemsubiri mwenzake kwa hisani.

Ya tatu ni kwa mbio ndefu za Jumamosi. Wewe una kilomita 14, yeye ana 18. Aamke mapema, akimbie 4 zake, akukute mahali mlipopatana akiwa tayari amepungua moto. Nazipenda sana hizo, kwa sababu mwenye kasi aliyeshachoka kidogo ni mtu wa maana sana kukimbia naye.

Kumpata mtu mwenyewe, usianzie mbali. Angalia nani yuko barabarani saa yako hiyo hiyo. Sinza mpaka Mlimani kuna wakimbiaji kila asubuhi. Ndani ya eneo la Chuo Kikuu ndiyo usiseme, wapo wa kila umri, na kile kilima kinawachuja. Ukimwona dada yule yule Jumanne, Alhamisi na Jumanne nyingine, huyo ameshafaulu mtihani mgumu kuliko yote, kabla hujajua hata jina lake. Msalimie. Mara ya tatu muulize, “Huwa unaishia wapi?” Kwa utamaduni wetu hapo mazungumzo yameshaanza.

Klabu yako ya joging usiihame. Mchakamchaka wa Jumapili na supu yake vina kazi yake, na mimi mwenyewe siikosi ile ya kongoro. Lakini ichukulie kama soko: hununui soko zima, unatafuta watu wawili. Tazama wanaofika kabla ya muda. Tazama wale wanaokaa nyuma kuwavuta wageni. Hao ndio wa kuwaambia, “Jumatano saa 11 na nusu mimi huwa natoka, njoo tukimbie dakika 40.”

Nimesema wawili kwa makusudi. Mkiwa wawili tu, mmoja akiugua au akisafiri kikazi, mwingine anabaki kitandani. Mkiwa watatu mazoezi hayafi. Tena maneno ya watu yanapungua, na tofauti za kasi zinajisawazisha zenyewe: mwenye haraka anaweza kutangulia bila kumwacha mtu peke yake.

Usiahidiane na mtu mwezi mzima siku mliyojuana. Kimbieni kwanza mara mbili tatu, dakika 40 nyepesi, mahali penye watu, kumeshapambazuka. Na usimuulize mipango yake. Mipango kila mtu anayo, hasa wiki ile ya kujiandikisha. Muulize wiki iliyopita alikimbia siku zipi na saa ngapi. Rafiki yako wa simu isiyopokelewa hana mpango mbaya, na sikushauri umchukie. Asubuhi si wakati wake, basi. Mwalike jioni, au mwalike harusini. Usimtegemee saa 11.

Mkiwa mnakimbia, mtazame mwenzako bega lake. Kuna watu mnakwenda sambamba lakini bega lake liko mbele yako kwa nusu hatua. Ukimfikia anasogea tena kidogo. Hata yeye hajui. Baada ya kilomita 3 mbio nyepesi zimegeuka mashindano na hakuna aliyeamua. Mwambie mara moja kwa utani, mara ya pili bila utani. Akishindwa kuacha, huyo ni wa kukutana naye siku za mashindano.

Nitakuambia kwa nini naona hili ni jambo kubwa. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana, saba saba kwa wakati mmoja. Walikuwa watu wenye majina makubwa, Bernard Lagat akiwemo. Kazi waliyopewa ilikuwa kushika dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita, hatua kwa hatua, na mbele yao gari likimulika mistari barabarani wasitoke kwenye nafasi zao. Hakuna aliyeitwa kuonyesha anaweza kwenda kasi zaidi ya hapo, ingawa kwa kipande kifupi kama chake angeweza. Kumsaidia mtu kukimbia ni kuizuia miguu yako mwenyewe. Wenye uwezo huo ni wachache kuliko wenye kasi.

Na sasa wewe upande wako. Fika dakika 5 kabla. Kama huji, sema usiku, usiseme saa 11 kasorobo mwenzako akiwa ameshavaa raba. Mpatane pia muda wa kusubiriana: dakika 10 zikipita aliyefika anaondoka, na hakuna kununa. Watu wakijua kanuni hiyo ipo hawachelewi.

Kwenye mpando, ukitangulia kufika juu, subiri. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba yule wa nyuma akifika, wewe umeshapumzika dakika nzima na yeye hajapumzika hata sekunde. Ukianza kukimbia pale pale anapokufikia, umemwadhibu kwa uchelevu wake. Mpe naye muda wake, au rudi chini umfuate mpande wote.

Ukiwa mbele, taja barabara: “shimo”, “tuta”, “bodaboda kulia”. Wenzetu wasioona hukimbia na kiongozi, wameshikana kwa kamba fupi, na kiongozi kazi yake ni macho. Mkenya Henry Wanyoike alishinda medali ya dhahabu ya mita 5,000 kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 huku kiongozi wake akiishiwa nguvu karibu na mwisho. Ikabidi asiyeona ndiye amvute anayeona mpaka mstarini. Wanyoike alikuja kushinda tena Athens mwaka 2004. Kisa hicho huwasimulia wanaotaka kumsaidia mtu asiyeona, kwa sababu kiongozi anatakiwa awe na akiba ya nguvu kuliko anayemwongoza. Lakini hata kwenu wenye macho, giza la saa 11 na mitaro yetu isiyo na mifuniko vinataka mtu wa mbele aseme anachokiona.

Upepo nao mgawane. Mazoezi yako ya Novemba hadi Februari yanaangukia kaskazi, na pale ufukweni unaweza kukupiga usoni kilomita nzima. Akae mmoja mbele dakika chache, kisha mbadilishane. Kujificha mgongoni mwa mtu safari nzima halafu kuchomoka mita 200 za mwisho ni tabia nitakayoiita kwa jina lake siku nyingine.

Afya ndiyo sehemu ambayo rafiki wa kweli anaonekana. Mwenzako akija ana homa, mrudishe nyumbani, hata kama amebakiza wiki tatu kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon. Mafua ya puani tu, sawa, mwendo mwepesi. Kifua kinakohoa, mwili unauma, joto limepanda, hapana. Na huku kwetu homa inapimwa malaria kwanza ndipo mazungumzo mengine yafuate. Ukiona anachechemea, yaani maumivu yameshabadilisha hatua yake, simama naye, mtembee. Usimwambie “jikaze, tumebakiza kidogo.” Sentensi hiyo imewalaza watu wengi miezi.

Kama wenzako ni Waislamu, Ramadhani ratiba itahama, hamisheni wote: dakika 30 au 40 kabla ya futari, nyepesi kabisa, au usiku baada ya tarawehe. Na siku za kawaida wanaume wanaotoka swala ya alfajiri ni washika saa wazuri kuliko kengele ya simu yoyote. Nimeona vikundi vilivyoanzia mlangoni mwa msikiti vikadumu.

Hilo linanileta kwenye swali la mwanaume. Kimichezo hakuna ubaya wowote. Mkenya Brigid Kosgei alipokimbia marathon ya Chicago kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4, mwezi ule ule wa Oktoba 2019, alikuwa na wanaume wakimwongozea kasi, na shirikisho la riadha la dunia lina rekodi mbili za marathon ya wanawake kwa sababu hiyo: moja ya mbio za wanawake watupu, nyingine ya mbio zenye mchanganyiko. Kijamii, mume wako amjue kwa jina na sura. Wakutanishe, hata kwa chai ya dakika 10. Kinacholeta maneno ni mume kupata habari kwa jirani. Kimbieni barabara za watu, mkiwa watatu ikiwezekana. Na mwanaume akianza kukusifia umbo badala ya mwendo, usimpe nafasi ya pili. Wapo wengine wengi wenye adabu na wanaotafuta mtu wa kukimbia naye kama wewe.

Usalama wenyewe nitaupitia haraka maana mengi unayajua. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo kimbieni kulia mkiyaona yanakuja usoni, na barabara ikibana mpange mstari mmoja. Vaeni fulana inayong’aa. Simu isikae mkononi. Wale wa bodaboda wanaipokonya bila hata kusimama. Masikio yasizibwe yote mawili. Mtu mpya mkutane kituoni au njia panda, asijue mlango wako mpaka umemzoea, na kama mnatumia Strava, ile programu ya simu ya kurekodi mbio, ficha mahali unapoanzia na kumalizia.

Bakiza siku moja kwa wiki ya kukimbia peke yako, mchana au jioni kama alfajiri inatisha. Ukizoea kuvutwa kila siku, husikii tena mwendo wako mwenyewe, na Moshi utaona umuhimu wake. Njia ya nusu marathon inapanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka mjini, na kule kwenye mpando hakuna mwenza anayeweza kukupumulia.

Ndiyo maana mkae chini wiki moja kabla mkubaliane: siku hiyo mnakimbia pamoja au kila mtu na mbio zake? Yote mawili ni sawa. Kisicho sawa ni kuamua kilomita ya 12, mmoja akiwa bado ana nguvu na mwingine akiwa anaona aibu kusema “nenda.” Kwenye marathon ya Berlin mwaka 2003 Mkenya Sammy Korir aliingia kama mwongoza kasi wa Mkenya mwenzake, Paul Tergat. Kazi ikaisha, miguu ikawa bado ipo, akaendelea mpaka mwisho. Tergat alimaliza kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, rekodi ya dunia ya wakati huo, na Korir sekunde moja tu nyuma yake. Mwongoza kasi akiwa na ruhusa ya kuendelea, hayo yanawezekana na hakuna anayenung’unika.

Kwenu pendekezo langu ni hili: pandeni wote mpaka juu, kwa mwendo wa yule mzito, na pale njia inapogeuka kuteremka mwenye miguu aende bila kuaga. Mpatane mtakutania upande gani wa geti la uwanja wa Ushirika, kwa sababu watu huwa wengi na mtandao unaelemewa. Mpatane pia nani atabaki na mabegi, na nani atabeba nauli ya bajaji kama mmoja atalazimika kuishia njiani.